Shanga, Kwaya na Simu: Sanaa na Afya ya Akili kati ya Uingereza na Kajiado

Nchini Uingereza, mtu anayemwendea daktari wake wa familia akilalamikia usingizi uliopotea, upweke au huzuni isiyokwisha anaweza kuondoka bila karatasi ya dawa, akiwa badala yake ameelekezwa kwenye kwaya ya mtaa, darasa la uchoraji au kikundi cha ufinyanzi. Utaratibu huu, unaoweza kuitwa agizo la kijamii kwa kuwa mhudumu wa afya humwagizia mgonjwa shughuli ya kufanya pamoja na wenzake, iwe badala ya dawa au sambamba nayo, ulikuwapo katika miji kadhaa kwa miaka mingi kabla ya kupewa nafasi rasmi katika mpango wa muda mrefu wa NHS, yaani huduma ya taifa ya afya, uliotangazwa Januari 2019. Mpango huo uliweka lengo la kuwa na wahudumu waunganishi zaidi ya 1,000 nchini England kufikia mwaka wa fedha wa 2020/21, na la kuwaelekeza watu wasiopungua 900,000 kwenye shughuli za namna hiyo kufikia 2023/24.

Mhudumu mwunganishi si daktari wala si msanii. Kazi yake ni kukaa na mtu kwa muda ambao daktari hana, kumwuliza ni mambo gani anayoyathamini maishani, kumtafutia kikundi kinachomfaa, na inapobidi kumsindikiza siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyelemewa na mawazo mara nyingi hushindwa na hatua ile ya kuingia peke yake katika chumba cha watu asiowajua. Wakenya waishio ughaibuni wanapousimulia mfumo huu kwa jamaa zao huko nyumbani hutaja zaidi rangi, brashi na kumbi zenye vifaa, ilhali hivyo ni vitu ambavyo kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, ina mfano wake na pengine ina vingi zaidi. Kisichokuwapo Kajiado ni huyu mtu wa katikati, anayekijua chumba cha daktari na anayekijua pia kikundi kinachokutana kila Jumanne, na ambaye analipwa kuviunganisha. Hoja hiyo ndiyo itakayofuatwa katika makala haya.

Ni vyema kwanza kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Lipo la kwanza, tiba ya sanaa, ambapo mtaalamu aliyefunzwa hutumia uchoraji, muziki au uigizaji kumtibu mtu mwenye tatizo lililopimwa; na lipo la pili, sanaa kwa ajili ya ustawi, ambapo watu huimba, hufuma au hupiga picha pamoja na kupata nafuu bila yeyote kati yao kuitwa mgonjwa. Historia ya hilo la kwanza huko Uingereza huanzia kwa mchoraji Adrian Hill, ambaye mwaka 1938, akitibiwa kifua kikuu katika sanatoria ya Midhurst, alijikuta akichora kitandani ili kuzishinda siku ndefu za kulala, akaanza kuwahimiza wagonjwa wenzake wafanye vivyo hivyo, na mwaka 1942 akaibuni istilahi ya Kiingereza ambayo tiba hiyo imeitwa kwayo tangu wakati huo. Kutoka hapo ilikua hadi kuwa taaluma yenye chama chake, kilichoundwa mwaka 1964, na leo hakuna anayeruhusiwa kujiita tabibu wa sanaa nchini humo bila kusajiliwa na baraza la taaluma za afya, baada ya shahada ya uzamili na mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inawatambua wataalamu hao wawili waliotajwa katika jina lake, na mtu anayetaka kutumia rangi au ngoma katika tiba hana budi kuingia kupitia mlango wao.

Kuhusu ushahidi, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mwaka 2019 mapitio yaliyoandikwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn, yaliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 na kuonyesha kwamba sanaa husaidia katika kuzuia maradhi, katika kukuza afya na katika kuyatibu au kuyamudu maradhi yenyewe. Sababu zinazotajwa hazina miujiza: mikono inapokuwa na kazi pumzi hutulia, kazi inayoonekana mwishoni humrudishia mtu imani kwamba anaweza kitu, na kukaa na wengine pasipo kulazimika kuzungumza huwafanya wengi wazungumze. Tafiti hizo zimefanywa kwa sehemu kubwa katika nchi tajiri, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulikumbuka kila anapokutana na dai kwamba sanaa huponya.

Mfumo wa Uingereza una sura nyingine inayoonekana vizuri zaidi na wale wanaoutumikia kuliko wale waliousanifu. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo makundi ya uimbaji kwa ajili ya watu wenye maradhi ya kusahau na walezi wao, yanayoendeshwa na shirika la Alzheimer's Society, na katika nyumba za kulelea wazee kote nchini saa ya kuimba imekuwa jambo la kawaida. Anayemsukuma mzee katika kiti cha magurudumu hadi kwenye saa hiyo, akamwekea blanketi magotini na kumshikia karatasi ya maneno ya wimbo, mara nyingi ni mfanyakazi mhamiaji, na Wakenya ni miongoni mwao, hasa tangu serikali za Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa kuajiri wauguzi mnamo Julai 2021. Mfanyakazi huyo hutoa huduma ambayo yeye mwenyewe haipati, kwa kuwa zamu zake za usiku haziendani na saa za vikundi vya mtaa, kwa kuwa anachelea kwamba kukiri msongo kutamletea shida kazini au katika viza, na kwa kuwa nyimbo zinazoimbwa humo hazimkumbushi utoto wake wowote. Zaidi ya hayo, mapitio ya sheria ya afya ya akili yaliyoongozwa na Profesa Simon Wessely, yaliyokamilika Desemba 2018, yalieleza kwamba watu weusi nchini England na Wales huzuiliwa hospitalini kwa nguvu ya sheria hiyo kwa kiwango kinachozidi mara nne kile cha weupe. Mlango wa kwaya na mlango wa wodi iliyofungwa ni ya mfumo mmoja, na mtu kuingia kwa huu au kwa ule hakutegemei maradhi yake tu.

Tukija nyumbani, Kitengela ni mahali pagumu kupaweka katika kundi lolote. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji huo watu 154,436, katika kaunti ya Kajiado yenye watu 1,117,840 ambayo miaka kumi kabla yake ilikuwa na watu 687,312. Wazee bado huitaja Noonkopir, kituo kidogo kilichokuwa hapo kabla ya maghorofa. Nyanda zilizokizunguka zilikuwa malisho ya pamoja ya Wamaasai na njia ya nyumbu na pundamilia wanaotoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakati wa mvua. Ardhi hiyo ya jumuiya, iliyokuwa chini ya mfumo wa ranchi za vikundi uliowekwa na sheria ya mwaka 1968, iligawanywa kwa watu binafsi, ikauzwa vipande vipande, ikazungushiwa seng'enge, na leo mtu anayeipita barabara ya Namanga huona ploti, mabango ya kuuza ploti na maghorofa ya kupanga yaliyojengwa kwa kasi ambayo maji na mitaro ya maji taka haikuweza kuifuata.

Wanaokaa katika maghorofa hayo ni wafanyakazi wa viwanda vya Athi River na eneo la usindikaji wa bidhaa za kuuza nje, wahudumu wa bodaboda, walimu, vijana waliohitimu wakakosa kazi, na wengi waliokuja kutoka kila pembe ya nchi kwa sababu kodi ya Nairobi iliwashinda. Kwao jirani ni mlango uliofungwa. Kilomita chache kutoka hapo, kuelekea Isinya, Kajiado mjini na Bissil, familia za wafugaji zilipita katika ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana na ng'ombe wakafa kwa wingi mbele ya macho ya wenyewe. Makundi haya mawili, mpangaji asiyemjua jirani yake na mfugaji aliyepoteza mifugo yake, hubeba mizigo tofauti, na sanaa inayomfaa mmoja huenda isimguse mwingine.

Kwa wanawake wa Kimaasai, kikao cha shanga tayari kinafanya sehemu kubwa ya kile ambacho mwunganishi wa Uingereza hukitafuta. Wanawake hukaa chini ya mgunga, miguu imenyooshwa mbele, shanga zikiwa zimemwagwa kwenye kanga au vifuniko vya makopo kwa rangi zake: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, chungwa. Kila mmoja huchovya ncha ya waya au ya uzi mgumu katika rundo, akaokota shanga nne au tano kwa mara moja, akazisukuma kwa kidole gumba na kuzihesabu kimoyomoyo, kwa kuwa pambo lenye mizunguko mingi halisamehi hesabu iliyokosewa. Shanga moja ikizidi katika mzunguko wa ndani, mistari ya nje hupinda, na mfumaji hulazimika kufumua hadi mahali pa kosa. Macho yakiwa yameinamia kazi, mdomo huwa huru. Ndipo husemwa habari za mume anayekunywa, binti aliyeacha shule, mkopo usiolipika, na anayesikiliza hana haja ya kumtazama msemaji usoni, jambo ambalo lenyewe humpunguzia aibu. Shanga hizo, ambazo ni za kioo na kwa muda mrefu zimeletwa kutoka viwanda vya ng'ambo, hasa vya nchi ya Czech, huuzwa zikiwa mikufu na bangili katika masoko ya Nairobi na Namanga, kwa hiyo kikao kinaleta pia chumvi na karo. Ni kosa kulitenganisha hilo na utulivu wa nafsi. Huko Uingereza shughuli ya sanaa husifiwa kwa sababu haina faida ya kifedha na hivyo humpumzisha mtu. Huko Bissil shughuli isiyo na faida ingeongeza wasiwasi.

Wanaume hawana kikao cha namna hiyo, na hapa ndipo pengo la Kajiado linapouma zaidi. Mpangilio wa rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupanda ngazi za maisha pamoja, uliwapa nyimbo, ngoma za kuruka na sherehe za kuvuka kutoka hatua moja hadi nyingine. Tatu kati ya sherehe hizo, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliwekwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Katika nyimbo hizo, kiongozi, anayeitwa olaranyani, huanzisha na wengine humwitikia kwa mngurumo wa koo unaodumu, na mtu huweza kutaja ng'ombe wake kwa jina na rangi mbele ya wenzake. Mwanamume aliyeuza ardhi ya babake na kuona fedha zikiisha, au aliyekuta zizi limejaa mizoga, ana huzuni inayohusu vitu vilevile ambavyo wimbo ulikuwa ukivisifu, lakini sherehe zimepungua na wenzake wa rika wametawanyika kati ya seng'enge. Mara nyingi mahali panapobaki pa kukutana ni baa. Programu za sanaa zinazoletwa kaunti hiyo huelekezwa kwa wanawake na wasichana, kwa sababu nzuri na zinazoeleweka, ila mwandishi yeyote mwenye kuijua Kajiado atakubali kwamba kumwacha mwanamume nje ya hesabu ni kumwacha pia mkewe na hatari iliyo nyumbani.

Katika mji wenyewe wa Kitengela, chombo kikubwa zaidi cha sanaa ni kwaya ya kanisa. Mazoezi ya Jumamosi alasiri humkutanisha mshonaji wa kiwandani na mwalimu, hufundisha kupumua kwa kina na kusikiliza sauti ya jirani, na asiyefika hupigiwa simu kuulizwa kulikoni, jambo ambalo agizo la kijamii la Uingereza hulilipia mshahara. Nje ya mji, kwenye ukingo wa hifadhi, ipo pia karakana ya vioo ya Kitengela, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako vioo vya madirisha vilivyovunjika na chupa tupu huyeyushwa au kukatwa kuwa glasi, shanga na madirisha ya rangi. Ni mahali pa ajira na utalii kuliko tiba, lakini panaonyesha kwamba ufundi wa hali ya juu unaweza kukita mizizi katika nyanda hizo.

Wasomi wa nyumbani nao hawakukaa wakisubiri. Taasisi ya Shamiri, iliyoasisiwa na Mkenya Tom Osborn, imewafunza vijana waliomaliza shule kuwaongoza wanafunzi wa sekondari katika vikao vinne vya saa moja, ambamo wanafunzi husoma visa, huandika kuhusu mambo wanayoyathamini na kuyajadili kwa vikundi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry lilionyesha kwamba dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima mtu hamu ya kazi, chakula na watu, zilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2023, lilitumia moja kwa moja sanaa, kwa njia ya Pre-Texts iliyobuniwa na Doris Sommer wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mmoja husoma kwa sauti andiko gumu huku wengine wakikata maboksi ya katoni na kutengeneza majalada ya vitabu. Kisha kila mmoja huliuliza andiko swali, kikundi hulichezea kwa uchoraji, uigizaji au mdundo, na mwisho wote hukaa duara na kila mmoja kujibu swali moja tu: tumefanya nini? Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwa vijana wa Kenya walioshiriki. Kinachovutia ni umaskini wa vifaa vinavyohitajika. Katoni zipo nyuma ya kila duka la jumla Kitengela, na andiko gumu lipo katika kila mfuko wa mwanafunzi.

Suala la simu ndilo linalowagawa watu zaidi. Vyombo vya dijitali, yaani simu, mitandao ya kijamii na programu za sauti na video, vimewapa vijana wa Kenya jukwaa ambalo magazeti hayakuwapa. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na kuandikwa kwa Sheng, lilimfanya kijana wa kubuni aitwaye Boyie, aliyekosa kazi baada ya shule na kuanzisha redio yake kisirisiri, kuwa msemaji wa maelfu waliokuwa katika hali hiyo. Likashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Nguvu yake haikuwa katika mawaidha. Boyie alipokea ujumbe wa wasomaji kwa simu na kuwajibu kana kwamba ni rafiki, na hivyo shida iliyokuwa siri ya mmoja ikawa mazungumzo ya wengi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, Joe Lambert na wenzake huko California walikuza utaratibu wa hadithi za dijitali, ambapo mtu hurekodi kwa sauti yake kisa cha dakika mbili au tatu, akakipangia picha zake mwenyewe, baada ya kukisimulia kwanza katika duara la wenzake. Utaratibu huo unaweza kufanyika kikamilifu kwa simu ya bei nafuu katika chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Yukos, Kitengela, na kwa kijana asiyeweza kusema mbele ya watu, kujirekodi, kufuta na kurekodi upya ni njia ya kuipanga upya habari yake mpaka aimiliki.

Hata hivyo, mambo mawili yanapaswa kusemwa bila kulainishwa. La kwanza linahusu kamera. Nchi za magharibi hutumia njia ya kuwapa watu kamera ili waonyeshe maisha yao wenyewe, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza na Caroline Wang na Mary Ann Burris katika miaka ya 1990, na huko fomu ya ridhaa huchukuliwa kuwa inatosha. Kajiado ina historia nyingine: sura ya Mmaasai imeuzwa kwenye kadi za posta, matangazo na vitabu vya picha kwa vizazi kadhaa, mara nyingi bila mwenyewe kuulizwa. Mama anayeombwa arekodi masaibu yake kwa ajili ya mradi ana haki ya kujua video itakaa wapi, nani ataiona na itafutwaje, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki hiyo. Lakini katika mji ambao kila mtu yumo katika kundi la WhatsApp la mwingine, sheria haiwezi kuirudisha sauti iliyokwisha kusambazwa. Kikao kinachofanyika kwa sauti zinazobaki ndani ya chumba ni salama zaidi kuliko video nzuri inayosifiwa mtandaoni.

La pili ni kwamba simu hiyohiyo hujeruhi. Katika kesi zilizofunguliwa Nairobi na vijana waliokuwa wakiajiriwa kuchuja picha na video za ukatili kabla hazijawafikia watumiaji wa mitandao, dhidi ya kampuni za teknolojia, mahakama ilipokea mnamo Desemba 2024 ripoti za Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliyewakuta zaidi ya 140 kati yao na kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya kushuhudia mambo ya kutisha. Kijana wa Kitengela anayeshauriwa ageukie mitandao ili apate faraja anastahili kuambiwa pia kwamba faraja hiyo ina kipimo, na kwamba masaa ya usiku anayoyapoteza kwenye skrini ni masaa ya usingizi ambao akili yake inauhitaji.

Daraja kati ya kliniki na vikundi hivi, basi, lingepatikana wapi? Kenya tayari inalo nusu yake. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kuingizia taarifa, na kila mmoja akipangiwa nyumba zipatazo 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti hugawana nusu kwa nusu. Hawa hubisha hodi kwenye milango ileile iliyofungwa. Hupima shinikizo la damu, huuliza kuhusu wajawazito na chanjo, na humjua mzee ambaye hajatoka nje kwa wiki mbili. Kinachokosekana ni orodha: kwaya gani inapokea wageni, kikao kipi cha shanga kina nafasi, ni shule gani ina kikundi cha kuigiza, ni mzee gani wa rika anayeweza kumtembelea mwanamume aliyejifungia. Orodha hiyo ingegharimu kidogo mno kuliko jengo jipya, lakini haifai kuongezwa juu ya posho ya shilingi 5,000 kana kwamba ni kazi ndogo. Kukaa na mtu aliyevunjika moyo ni kazi, na Uingereza huilipa kama kazi.

Lazima pia orodha hiyo iwe na mwisho wa juu, yaani ijulikane ni wakati gani sanaa haitoshi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayetaja kujiua, hapelekwi kwenye kwaya kwanza. Anahitaji kliniki, na kutoka Kitengela rufaa huishia mara nyingi katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyofunguliwa kama hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kwa miongo mingi familia zilificha jaribio la kujiua kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kuwa kosa la jinai, hadi Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha katiba tarehe 9 Januari 2025. Tangu siku hiyo mhudumu anayeambiwa habari hizo mlangoni anaweza kuzungumza na familia kuhusu matibabu bila kivuli cha polisi, na ni muhimu kila mhudumu wa Kajiado ajue hivyo.

Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, na kila aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la jamii yake ughaibuni anajua jinsi harambee ya mazishi inavyojaa kwa siku chache. Sehemu ndogo sana ya ukarimu huo ingeweza kulipia kwa muda mrefu nauli ya mwezeshaji, katoni, rangi na chai ya kikao. Tahadhari ni moja: mazungumzo yaanze na wanakikundi wenyewe, kwa Kimaasai panapohitajika, na yaguse soko kabla ya kugusa tiba, kwa sababu kikundi cha shanga kilichopanuliwa kwa matumaini ya wanunuzi wa ng'ambo, kisha wanunuzi wasitokee, huwaachia wanawake deni la shanga walizozichukua kwa mkopo, na deni hilo hurudi usiku likiwa msongo uleule uliokusudiwa kupunguzwa.